Kabureta Mbili na Kipito Kimoja

Agosti 29

Leo tumehama kutoka malisho ya kiangazi, nami nimefika hapa mtoni na hasira ambayo hata chai imeshindwa kuipoza. Safari ya nusu siku imetuchukua siku nzima. Lori kila lilipoona kilima lilikohoa, likatetemeka, likafa. Magsar, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye anayeendesha, na kila likifa anapiga usukani ngumi: "Pumzi! Injini hii haina pumzi!"

Lori letu ni lile la Kirusi linalovutwa na magurudumu yote manne. Injini yake imekaa katikati ya viti, na ukitaka kuiona vizuri lazima uinamishe kichwa chote cha lori mbele. Kwa hiyo kila likifa, mama mkwe na mimi na watoto tunashushwa pamoja na mablanketi, kama mizigo. Leo tumeshushwa mara sita. Ulzii wangu ana miezi saba. Mara sita, kwenye upepo!

Dugar, mume wangu, anasema ni kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Imechakaa, inavuta hewa pasipotakiwa.

Ningecheka, kama si Bumbat. Mwisho wa Oktoba lazima tukivuke Kipito cha Bumbat, njia ipitayo juu ya mlima, kwenda kambi ya baridi. Mwaka jana lori lilitufia kule juu, tukalala humo humo. Anu, binti yangu, alikuwa na miaka mitatu. Asubuhi kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa cheusi. Muuguzi alikikata. Anu anasema hakimuumi. Mimi kinaniuma. Mwaka huu hatulali juu ya Bumbat. Nimeanza kuandika daftari hili ili nisije nikasahau kukasirika.

Agosti 30

Mvua. Nimekamua mbuzi, nimeanika jibini chini ya paa. Sijasema na mtu.

Septemba 4

Dugar ameifungua kabureta juu ya turubai mbele ya hema. Nilikaa karibu, Ulzii kifuani, nikatazama. Ndani mna kisima kidogo cha petroli, na kisimani mna boya la shaba, wao huliita floti. Petroli ikijaa, floti inapanda na kuziba tundu. Ikipungua, inashuka, tundu linafunguka.

"Aa," nikasema, "kumbe ni kama mashine yetu ya krimu."

Mashine yetu ya kutenganisha krimu na maziwa ina boya vilevile. Nimeizungusha kwa mkono tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, mwaka nilipotolewa shule. Maziwa yakiingia mengi kupita kiasi, krimu inatoka majimaji. Meza ikiinama, boya linadanganyika, maziwa yanafurika au yanakatika. Kila mwanamke anajua.

"Sasa lori likipanda mlima," nikamwuliza Dugar, "si hiki kisima nacho kinainama?"

Dugar akaniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia siku nyingi. Ndipo Magsar aliposhuka kwenye farasi wake.

"Shemeji, umeruka spana yangu."

"Sijairuka, kaka. Nimeipita pembeni."

"Mwanamke haruki fimbo ya kunasia farasi, na spana haruki. Bahati inakimbia."

"Bahati ya lori hili ilikimbia kabla sijaolewa."

Mama mkwe alicheka ndani ya hema, tukamsikia. Magsar hakucheka. "Kabureta si ndoo ya maziwa, binti. Rudi kwenye ndoo zako."

Na Dugar? Dugar alikuwa akiifuta floti kwa kitambaa. Akaifuta, akaifuta, mpaka ikang'aa. Mume wangu ana mikono ya dhahabu na mdomo wa jiwe.

Septemba 11

Magsar amerudi kutoka soko la mkoani na kabureta mpya. Ameibadilisha kwa farasi wetu wawili. Wetu, sio wake! Kwa desturi mtoto wa mwisho ndiye hurithi moto wa nyumba, na mtoto wa mwisho ni Dugar. Lakini Magsar ni kaka, na kaka akisema, mdogo hunyanyuka.

Ameifungua kutoka kwenye gazeti kama anafungua sanamu ya hekaluni. Inang'aa. Mdomoni mwake naweza kuingiza ngumi ya Anu.

"Hii ni ya injini ya lita sita!" anasema.

"Yetu ni ya ngapi?" nikauliza.

"Nne na kitu. Ndiyo uzuri wenyewe! Itavuta hewa kama mbwa mwitu. Bumbat tutaipanda tukiimba."

Mashimo ya bolti hayalingani. Kwa hiyo anachonga kipande cha alumini kwa tupa, kikae katikati ya injini na kabureta, kiunganishe visivyojuana. Sauti ya tupa mchana kutwa. Ulzii hajalala.

Septemba 12

Nimekasirika. Siandiki.

Septemba 19

Nilimpandisha Anu mbele yangu juu ya farasi tukaenda kwa mzee Luvsan kuomba chumvi. Anaishi peke yake upande wa pili wa mto. Zamani za ushirika aliendesha lori la sufu miaka ishirini na sita, na lori lake, ndugu pacha wa letu, limekufa nyuma ya zizi lake, kuku wangekuwepo wangetagia humo.

"Nimeiona hiyo kabureta ya shemeji yako," alisema. "Inang'aa kama jino la dhahabu."

"Ni kubwa, mzee."

"Ni kubwa. Mwanao ananyonya?"

"Ananyonya."

"Maziwa yakishuka kwa kishindo, anafanyaje?"

"Anapaliwa."

"Basi."

Alinimiminia chai, akaendelea kama anayeongea na Anu. "Kule juu Bumbat hewa ni haba, mjukuu wangu. Petroli inakuja ileile, hewa imepungua. Injini inapaliwa, inatapika moshi mweusi. Ukiiwekea mdomo mkubwa zaidi, unaizamisha. Bondeni itanguruma vizuri sana, watu watapiga makofi. Mlimani mwendo ni wa kutambaa, na anayetambaa anataka vijiko vidogo vidogo."

Nikamwuliza habari ya kisima kuinama. Akaniangalia kama Dugar siku ile, ila yeye alijibu. Alinipeleka kwenye lori lake, akakiinamisha kichwa cha lori mbele, akanionyesha kabureta iliyomo. Ni ya kipimo cha injini yetu hasa, haikuchakaa. Ndani mna jeti, vipande vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli; alizobadilisha yeye mwenyewe zina tundu dogo, kwa ajili ya milima. Akanieleza kwamba floti ikikaa juu sana, petroli inafurika lori likiinama. Ikikaa chini sana, injini inakufa njaa.

"Nitakuletea kondoo, uniachie hii," nikasema.

"Kondoo wa nini? Nina meno manne. Mama watoto aliponiacha, joho langu la baridi lilibaki bila mtu wa kulishona. Nishonee joho."

Nimerudi na kitambaa, manyoya ya kondoo na chumvi. Chumvi karibu niisahau.

Septemba 27

Nashona. Mama mkwe ameuliza ni joho la nani. Nimesema la mzee Luvsan. Ameuliza kwa malipo gani. Nimesema chumvi. Amesema hiyo chumvi itakuwa tamu sana.

Oktoba 6

Leo wameijaribu kabureta ya Magsar. Uwandani! Kwenye ardhi iliyonyooka kama ubao wa kukatia nyama! Lori lilinguruma, likaruka, mbwa wakakimbia. Mama mkwe alirushia magurudumu maziwa ya baraka, jirani wawili walipiga makofi, Magsar alitoa kichwa dirishani akiimba. Moshi nyuma ulikuwa mweusi kama sufuria.

Aliposhuka nikamwambia kwa adabu, "Kaka, hebu tulijaribu na kile kilima cha nyuma, tena likiwa na mzigo."

Wote wakanigeukia kama nimetukana.

"Shemeji," akasema Magsar polepole, "safari imeshapangiwa siku. Lama wa hekaluni amesema tarehe ishirini na nne. Anayetaja kukwama kabla ya safari, huyo ndiye anayekwamisha. Usitutilie kisirani."

Naijua desturi hiyo, nimelelewa nayo. Kwetu hata kumwuliza dereva tutafika lini ni mwiko. Safari haitajwi ubaya. Lakini sikutaja ubaya! Nilitaja kilima!

Nilimtazama Dugar. Dugar alikuwa akitazama mlima, kana kwamba mlima ndio umesema.

Oktoba 7

Tumegombana kwa kunong'ona, mama mkwe akijifanya amelala kitanda cha pili.

"Unajua nasema kweli," nilimwambia. "Umenusa petroli ile. Plagi za kuwashia moto umezitoa mwenyewe, zilikuwa nyeusi."

"Ni kaka yangu, Tungaa."

"Na Anu ni nani yako?"

"Baba alipokufa yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha."

"Basi akufundishe na kusema."

Alinigeuzia mgongo. Ule mgongo naupenda, na leo ningeupiga mwiko wa chai. Nimekaa nikamnyonyesha Ulzii. Maziwa yalishuka kwa kasi, akapaliwa, nikamwinua nikampapasa mgongo mpaka akavuta pumzi. Sikuweza kufikiria kitu kingine ila injini.

Oktoba 13

Barafu ya kwanza ukingoni mwa mto. Mkono mmoja wa joho umebaki.

Oktoba 20

Nimempelekea mzee joho. Alilivaa, akajizungusha kama bwana harusi, Anu akacheka mpaka akakaa chini.

Kabureta alikuwa ameshaifungua na kuisafisha. "Floti utaipanga wewe," akasema. "Mimi sitakuwepo kule." Nikaipanga. Akapima kwa rula, akatikisa kichwa. Nikaipanga tena. Mara ya nne hakutikisa. Akanipa na gasketi ya kuziba maungio, aliyoikata kwa karatasi ngumu.

"Utamwambia mumeo?"

"Nikimwambia atalazimika kumwambia kaka yake."

"Na usipomwambia?"

"Ikiwa ile kubwa itatuvusha, mzee, nitakurudishia hii na kuomba radhi. Naomba ituvushe kweli. Sitaki kushinda. Nataka kufika."

Nimeifunga kwenye blanketi la Ulzii, nikaiweka katika gunia la jibini kavu.

Oktoba 25, kambi ya baridi

Haya yote ni ya jana.

Asubuhi mawingu yalikuwa yameshashuka hadi mabegani mwa mlima. Dugar alisema tungoje siku mbili. Magsar akasema siku ni ya lama, haisogezwi. Mifugo ilikuwa imetangulia na ya jirani. Tukapakia hema, makabati, jiko, vitanda. Magsar kwenye usukani, mama mkwe na Anu kiti cha pili, mimi na Ulzii juu ya mfuniko wa injini penye mablanketi, Dugar juu ya mzigo.

Bondeni, kweli, tuliruka. Magsar aliimba. Nami nilifurahi, nakiri. Nilisema moyoni, Tungaa, ulikosea, tena asante.

Kona ya kwanza ya Bumbat akaacha kuimba. Kona ya pili harufu ya petroli ilijaa humo ndani, Anu akatapikia joho la bibi yake. Kona ya tatu injini ilikoroma, ikatoa moshi mweusi mpaka tukashindwa kuona nyuma, ikafa. Theluji ilikuwa imeanza, nyepesi, ya kuchezea.

Tukashushwa. Wakainamisha kichwa cha lori. Dugar akatoa plagi, zote nane zilikuwa zimelowa. Wakazikausha, wakazirudisha, tukapandishwa. Likawaka, likaenda hatua ishirini, likafa. Tukashushwa. Mara ya tatu betri ilianza kulia kinyonge. Ulzii alikuwa na midomo ya bluu kidogo. Kidogo tu, lakini nimeshaona rangi ile kwenye mguu wa Anu.

Hakuna aliyesema kitu. Hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira. Watu wazima wanne kwenye theluji, kila mmoja anajua, na hakuna anayesema, ati kutaja ni kuita. Mwaka jana pia hakuna aliyesema! Tulikaa kimya usiku mzima kwa heshima ya njia, na njia ikachukua kidole cha mwanangu!

"Tumekwama," nikasema. Nikalisema tena kwa sauti. "Tumekwama! Nimelitaja. Tumekwama kwa sababu ya hiyo kabureta, inaizamisha injini, na ikiwaka mara mia itakufa mara mia!"

"Mfunge mdomo mkeo!" Magsar alimpigia Dugar kelele. "Ndiye aliyeleta haya!"

Nilimkabidhi mama mkwe mtoto. Nikapanda kwenye mzigo, nikavuta gunia la jibini, nikaikunjua kabureta ya mzee Luvsan mbele yao.

Magsar akatumbua macho. "Umeiba wapi?"

"Nimeishonea."

"Huu ni wazimu. Utafungua injini mlimani, kwenye theluji, mwanamke, na watoto..."

"Kaka," alisema Dugar.

Neno hilo moja tu. Kisha akachukua spana mkononi mwa kaka yake. Hakuipokonya, aliichukua kama unavyomchukulia mtu kikombe kitupu. Magsar akatutazama, akafunga mkanda wake, akaanza kupanda kwa miguu kwenda juu. Alisema anakwenda kutafuta mtandao wa simu.

Dugar alifungua kile kipande cha alumini, nikaweka gasketi, tukafunga nati nne. Vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Maziwa yalikuwa yamenivuja, yakaganda kwenye nguo. Dugar aliunganisha mpira wa petroli na waya wa pedali ya mafuta, nikampulizia mikono yake, akanipulizia yangu. Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya ubavu wa lori, wajukuu wawili ndani ya joho lake, na alikuwa akiwaimbia ule wimbo wa kumbembeleza ngamia aliyemkataa ndama wake amkubali. Sijui alikuwa akimbembeleza nani.

Betri ilikuwa imekwisha. Dugar akatia mbele mkono wa chuma wa kuwashia injini, akazungusha mara moja, mbili. Mara ya tano likawaka.

Halikunguruma. Lilisema tu, kama mtu asiyetaka ugomvi. Dugar akakaa kwenye usukani, akaweka gia ya chini kabisa, tukapanda Bumbat kwa mwendo wa ng'ombe mzito. Lori kila lilipoinama nilizuia pumzi. Halikufa. Moshi ulikuwa mweupe, halafu haukuonekana kabisa.

Juu, penye rundo la mawe ya sadaka, Magsar alikuwa ameketi na theluji mabegani. Dugar hakuzima injini. Tulizunguka mawe mara tatu kama inavyopasa, Magsar akapanda nyuma juu ya mzigo, na tukafika kabla ya giza.

Oktoba 27

Theluji hadi magotini. Bumbat imefungwa. Ulzii anacheka, ana jino.

Oktoba 30

Jirani walikuja kunywa chai. Magsar anawasimulia: "Niliona ile inapenda bonde, nikasema tuweke nyingine kwa mlima." "Nikasema!" Ati yeye ndiye aliyesema! Nilimwaga chai kwenye sahani badala ya bakuli. Dugar akasema, "Kaka, ni Tungaa aliyesema," kisha akawa mwekundu kama msichana. Si kwa sauti kubwa. Lakini jirani walisikia.

Sikumsamehe Dugar yote. Nimempa kipande cha nyama chenye mafuta.

Novemba 5

Naandika nikiwa bado na buti miguuni.

Asubuhi Magsar alikuja na tandiko jipya la farasi, lenye vifungo vya fedha. Mama mkwe akauliza limetoka wapi. Ametoka nalo kwa akina Zundui, bonde la pili. Hao bado hawajahama, leo wanakivuka kipito cha kaskazini. Wana lori kama letu. Amewabadilishia ile kabureta yake, ameifunga mwenyewe jana, na kile kipande chake cha alumini.

"Umewapa ile?" nikasema.

"Ni kabureta nzuri! Inanguruma. Wao wamefurahi."

"Wana watoto wangapi?"

Akasugua kifungo cha fedha. Hakujua.

Nilivaa buti. Dugar alikuwa amekwenda na kondoo. Nilimtazama mama mkwe, na huyu mama ndiye anayenikumbusha kila mara kwamba safari ya watu haitajwi ubaya. Alinyoosha mikono, akamchukua Ulzii.

"Amenyonya?"

"Sasa hivi."

"Basi una saa mbili. Mchukue yule farasi mwekundu."

Nilimpiga yule mwekundu njia nzima, Mungu anisamehe. Nilipofika hema lilikuwa limeshakunjwa, lori limepakiwa, linanguruma, moshi mweusi umetapakaa juu ya theluji. Bibi mmoja alikuwa ameshika kata, akirushia magurudumu maziwa. Zundui alikuwa kwenye usukani. Pembeni mwake, juu ya mfuniko wa injini, mwanamke wa rika langu na watoto watatu ndani ya blanketi moja.

Sikushuka kwenye farasi. Nilijua nikishuka nitasalimia, nikisalimia nitakaribishwa, nikikaribishwa nitanyamaza.

"Mtakwama," nikasema.

Kata ikasimama hewani. Zundui akatoa kichwa dirishani. "Nani huyu? Mwanamke, unatulaani asubuhi hii, maziwa hata hayajakauka?"

"Mtakwama mlimani. Sisi tulikwama kona ya tatu. Kabureta hiyo ilituzamisha sisi. Rudisheni yenu ya zamani, hata kama imechakaa. Nitawaonyesha kuipanga. Najua."

"Unajua nini wewe? Toka! Toka usituharibie njia!"

Bibi alikuwa akitema mate pembeni kufukuza mkosi. Nilikuwa nikimtazama yule mwanamke juu ya mablanketi, naye ananitazama. Nadhani alikuwa ameshainusa ile petroli.

Hakuniuliza jina. Alimshusha mtoto wa kwanza, akamshusha wa pili, akashuka na wa tatu mgongoni. Akakaa na wote juu ya furushi la matandiko kwenye theluji, akajifunika.

"Zima lori," akamwambia mumewe.

Likazimwa.